Majina Ukutani



Mtu akirudi Goma kutoka Ulaya huulizwa habari za baridi, za magari na za bei ya vitu. Nami niliulizwa hayo yote nilipotoka kumtembelea ndugu yangu Ubelgiji. Lakini jambo lililonikaa moyoni ni habari ya ukuta mmoja, nami nataka kuwaeleza, kwa maana latuhusu sote.

Karibu na mji wa Brussels pana mahali paitwapo Tervuren, penye nyumba kubwa ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1910. Humo mna vinyago, sanamu, ngoma na mikuki, hata ndege na samaki waliokaushwa, na vingi sana vya vitu hivyo vilitoka kwetu Kongo. Nyumba hiyo ilifungwa miaka mitano kwa matengenezo, ikafunguliwa tena Desemba 2018.

Kabla ya kuingia, nilitaka kwanza kufika kanisani. Sababu yake ni hii. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili alifanya maonyesho makubwa hapo Tervuren. Wakongomani 267 waliletwa kwa meli, wakajengewa vibanda katika bustani, na watu zaidi ya milioni moja wakaja kuwatazama. Mvua na baridi vikawashinda, wakaugua, na saba wakafa. Makaburi yao yapo mpaka leo kando ya kanisa la parokia, la Mtakatifu Yohane Mwinjili. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Nilisimama hapo na rozari yangu, nikawataja mmoja mmoja. Kisha nikaenda makumbushoni.

Ndani ya nyumba ile mna ukumbi mrefu, na ukutani yameandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo tangu mwaka 1876 hata 1908. Watoto wa watu walikuwa nao, mama zao waliwalilia. Sina neno juu yao. Lakini miaka ile ile wazee wetu walikufa kwa mpira, kwa kubebeshwa mizigo, kwa njaa na kwa magonjwa, wala hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja. Ukutani hapakuwa na jina lao hata moja.

Basi yuko fundi wetu, Freddy Tsimba, mzaliwa wa Kinshasa wa mwaka 1967. Huyu ndiye anayeokota maganda ya risasi palipopiganwa vita, akayaunganisha kwa moto, akafanya sanamu za watu. Mwaka 2016 aliandika juu ya vioo vya madirisha yanayoelekea ukuta ule majina ya Wakongomani waliofia Ubelgiji, na wale saba wakiwamo. Siku niliyofika mawingu yalikuwa mazito, nami sikuona ila maandishi katika kioo. Mlinzi akaniambia, «Ngoja kidogo.» Nikangoja. Jua lilipotokea, majina yakaanguka kama vivuli juu ya ukuta, juu ya yale majina 1,508. Nikasoma. Wingu likapita, yakatoweka.

Tazameni hekima ya fundi huyu. Hakuvunja ukuta, wala hakufuta jina la mtu yeyote. Amewaleta wafu wetu wakae pamoja na wafu wao, na jua ndilo linalowaita.

Najua wako wanaosema kwamba sanaa ya siku hizi ni upuzi, kwamba sanamu ya kweli ni ile inayofanana na mtu. Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, «Kuandika majina katika kioo, hiyo nayo ni kazi ya kupelekwa makumbushoni?» Nilimjibu hivi: «Baba, sisi tuliolelewa kanisani twapaswa kuelewa upesi kuliko wengine. Padre akitubatiza hutuita kwa jina. Mwezi wa Novemba twampelekea majina ya marehemu wetu yasomwe. Twajua kwamba kumtaja mtu ni kumheshimu.» Mzee akanyamaza, kisha akaniomba nimwandikie yale majina saba.

Tena mtu asidhani kwamba kazi ya namna hii ilianza juzi, au kwamba yahitaji nyumba ya Ulaya. Huko Lubumbashi alikuwapo mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora picha 101 za historia ya nchi yetu, tangu zamani za wazee hata siku zake mwenyewe, akamweleza Profesa Johannes Fabian maana yake picha kwa picha, kwa Kiswahili cha huko kwao. Picha zile zilikwenda Amsterdam. Lakini maneno yake yalinaswa na kuandikwa, na kwa hiyo hakuna mgeni awezaye kusema kwamba picha hizo hazina mwenyewe.

Na sisi wa Goma je? Mji wetu ni mgumu kwa kutunza vitu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mjini ukala hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia, na miongoni mwa waliokufa wako waliozikwa pasipo kujulikana majina. Tangu mwaka 2009 tunayo sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, sifa kwa wachapakazi wetu. Twaipita kila siku. Ulizeni wapita njia jina la fundi wake, mwone ni wangapi watakaojibu.

Kwa hiyo nina ombi, wala halihitaji fedha. Kila jumuiya itafute daftari. Waandike humo nani alichonga msalaba wa kigango chao, nani alichora Bikira Maria ukutani, nani alishona kitambaa cha altare, na mwaka gani. Waulizwe wazee wangali hai. Na ukurasa unaofuata, kila nyumba iandike marehemu wake wa vita, jina kamili na kijiji alikotoka. Ndipo fundi wa kesho, akitaka kuwafanyia ukuta, atapata pa kuanzia.