Baridi ya Limuru na Kifua cha Mwenye Pumu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Limuru, mwendo wa kilomita 30 hivi, hufunga dirisha la matatu kabla hajafika. Mji huo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu huyafunika mashamba ya majani chai, zao lililopandwa huku kwa mara ya kwanza nchini mnamo 1903. Mandhari ni ya kupendeza, lakini hewa baridi hukaza njia za pumzi za mwenye pumu, na moshi wa kuni katika jiko lililofungwa milango humzidishia taabu.

Upande wa Tigoni nilikaribishwa na mama mmoja ambaye mwanawe wa miaka 10 alikuwa akiamka usiku, kifua kikipiga mluzi. Kijana alitumia inhela ya samawati pekee. Walipomwona daktari wa mapafu jijini, alipulizishwa kifaa cha kupimia nguvu za pumzi, kisha daktari akasema, "Mama, hebu avute dawa nione." Kijana akabonyeza, dawa ikaishia ulimini!

Ile ya samawati hufungua njia za pumzi kwa muda tu. Ya kahawia, yenye steroidi, ndiyo hutuliza uvimbe wa ndani, nayo hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, kisha asukutue kinywa asipate utando mweupe. Hapa ndipo pagumu, maana mzazi gani hupenda kununulia dawa mtoto asiyekohoa?

Kilichonivutia zaidi ni chupa ya soda ya plastiki, ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuingiza inhela na kuzibwa kando. Kijana hubonyeza mara moja, akavuta pumzi taratibu kupitia mdomo wa chupa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mnamo 1999 kuwa chupa kama hiyo huwafaa watoto sawa na kifaa cha kiwandani.

Nyanya yake bado ananung'unika. "Akizoea hiyo pampu hataiacha."

"Lakini mama, siku hizi si analala?" akajibiwa.

Inhela ya samawati huenda naye shuleni. Mwalimu ameambiwa: akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au dawa isipompa nafuu, akimbizwe hospitali.