Mshahara wa Muuguzi na Gharama za Maisha Bangale: Barua ya Mjomba kwa Mpwa

Mpwa,

Mshahara wa muuguzi wa kaunti nchini Kenya una sehemu tatu. Ya kwanza ni mshahara wa msingi, unaofuata daraja la kazi: mwenye cheti huanzia chini, mwenye stashahada juu yake, mwenye shahada juu zaidi. Ya pili ni posho za taaluma, kama vile ya huduma ya uuguzi, ya hatari kazini na ya sare, ambazo chama cha wauguzi kilizipigania hadi ukazuka mgomo wa 2017 uliodumu tangu Juni mpaka mwanzoni mwa Novemba. Ya tatu ni posho za mahali: ya nyumba na ya mazingira magumu. Sehemu mbili za kwanza hazijali kama muuguzi anaamkia Bangale au Garsen, zote za kaunti ya Tana River, au Westlands ya Nairobi. Ya tatu peke yake ndiyo inayojaribu kuoanisha malipo na maisha ya mahali, na ndiyo inayokuhusu zaidi wewe uliyeitwa kazini Bangale, kabla hujatia sahihi.

Posho hizi mbili za mahali huvutana. Posho ya nyumba hupangwa kwa miji: Nairobi iko juu, kisha Mombasa, Kisumu na miji mingine mikubwa, kisha iliyokuwa manispaa, na mwisho kabisa pengine pote. Bangale imo katika hiyo "pengine pote", na Garsen pia. Hoja ya waliopanga posho ni kwamba kodi ya nyumba ni ndogo mashinani. Posho ya mazingira magumu huenda kinyume: huwafuata wafanyakazi wa umma waliopelekwa kwenye ukame, umbali na uhaba wa huduma, na Tana River ni miongoni mwa maeneo yaliyoorodheshwa. Muuguzi wa Bangale basi hupunjwa kwa mkono mmoja na kufidiwa kwa mwingine, na swali ni kama fidia inatosha.

Nchi nyingine zimelijibu swali hilo kwa namna zao. Uingereza huongeza mshahara pale maisha yalipo ghali: muuguzi wa huduma ya afya ya umma katikati ya London huongezewa asilimia 20, wa pembezoni mwa jiji asilimia 15, wa ukingoni asilimia 5. Uganda, kwa mpango wa 2010, iliamua kuongeza asilimia 30 ya mshahara wa msingi kwa wanaofanya kazi sehemu zisizofikika kwa urahisi. Tanzania ina ngazi moja ya mishahara ya wahudumu wa afya wa serikali, TGHS, na mwenye daraja fulani hulipwa kwa ngazi hiyo hiyo Dar es Salaam na Mpanda. Kenya imeshika mawili kwa pamoja, kumfidia wa mjini kwa kodi na wa mashinani kwa shida. Kwenye karatasi huo ni uadilifu. Kasoro yake ni kwamba huipima Tana River yote kama kitu kimoja, ilhali Bangale na Garsen zina maisha tofauti kabisa.

Garsen iko kwenye barabara ya Malindi kwenda Garissa, karibu na Minjila, panapochepuka njia ya Lamu. Bidhaa za Mombasa na Malindi hupita mlangoni. Delta ya mto Tana iko karibu: samaki, maembe ya mashamba ya Wapokomo, na mpunga, ingawa mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, haujarudi katika hali yake tangu mafuriko ya El Niño ya 1997 yalipovunja kingo zake. Bangale iko upande mwingine wa kaunti, katika eneo bunge la Bura, kwenye barabara kuu ya Mwingi kwenda Garissa. Ni mji wa wafugaji, mbali na mto ulioipa kaunti jina. Mboga, unga, sukari na mafuta ya kupikia hufika kwa lori kutoka bara au kutoka Garissa. Hakuna bustani ya mtoni ya kumwokoa mtu bei inapopanda.

Kuhusu ughali huo, wengi huchukua kiwango cha mfumuko wa bei kinachotangazwa kila mwezi na Shirika la Kitaifa la Takwimu, wakadhani kinapima ughali wa mahali. Hakipimi hivyo. Huonyesha bei zimepanda kwa kasi gani tangu mwaka uliopita, na hakisemi kama kilo ya nyanya Bangale ina bei kubwa kuliko Malindi. Mfumuko unaweza kushuka huku Bangale ikibaki ghali kama ilivyokuwa. Bei ya serikali inayofuata umbali waziwazi ni ya mafuta. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei za juu za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila tarehe 14, zikaanza kutumika tarehe 15, mji kwa mji: Mombasa penye bandari huwa chini, Mandera huwa juu kabisa, na Garissa huizidi Mombasa. Kila kitu kinachobebwa na lori kina mafuta hayo ndani yake.

Si kila kitu cha Bangale ni ghali, na mtu wa pwani hushangazwa na hilo. Nyama ya mbuzi na maziwa, ya ng'ombe na ya ngamia, hupatikana kwa wafugaji wenyewe, na msimu ukiwa mzuri bei zake hazimsumbui mwenye mshahara. Ukame ukija mambo hugeuka: maziwa hukauka, mnyama aliyekonda huuzwa kwa bei ya kutupa, na nafaka hupanda wakati huohuo. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, na familia zilizokuwa zikimuuzia muuguzi maziwa ndizo zilizokuja kituoni na watoto wenye utapiamlo. Mshahara haukuyumba, lakini waliokuwa wakiutegemea waliongezeka.

Maji yana hesabu yake. Mjini hulipwa kwa bili. Bangale hulipwa kwa mtungi. Kisima kikifanya kazi na silanga likiwa na maji, gharama ni ndogo. Pampu ikiharibika, au ukame ukifika, maji huletwa kwa mkokoteni wa punda au kwa boza, na bei huamuliwa na mwenye chombo. Anayepanga bajeti ya Bangale afadhali aweke maji katika fungu moja na chakula, si katika vitu vidogovidogo.

Kodi ya nyumba ni nafuu kweli, lakini nyumba ni chache. Vituo vingi vya afya mashinani vina nyumba za wafanyakazi, na hazitoshi wote. Anayepewa nyumba ya serikali hukatwa kodi kwenye mshahara, na asiyepewa hupanga chumba madukani. Swali la kuulizwa kabla ya kwenda ni moja: nyumba ipo au haipo? Zamu ya usiku kwa anayelala nje ya kituo huleta gharama na hofu ambazo hazimo katika posho yoyote.

Lakini gharama inayowashinda wengi si kodi wala chakula. Ni ya nyumba ya pili. Muuguzi mwenye watoto wanaosoma Malindi au Garsen hulipa kodi mara mbili, hununua unga mara mbili, na huongeza nauli. Kutoka Bangale kwenda Garsen hakuna njia ya mkato kwa abiria: hupanda gari hadi Madogo, ng'ambo ya mto kutoka Garissa, kisha huteremka kusini kwa barabara ya Hola. Hata jambo la kazi tu, kama faili lililopotea au daraja lisilopandishwa, humrudisha njia hiyo hiyo, kwa kuwa ofisi za kaunti ziko Hola. Mvua kubwa zikinyesha laga, yaani mito ya msimu, hujaa na barabara hukatika. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji ya Tana yaliikata barabara ya Garissa pale Mororo karibu na Madogo, watu wakavushwa kwa mashua. Bangale kwa hiyo ni rahisi kwa aliyehamia na watu wake, na ni ghali kuliko Mombasa kwa aliyewaacha nyuma. Jedwali la posho halijui tofauti hiyo, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Kuna pia kipato kinachokosekana. Mombasa, Malindi na Nairobi zina hospitali za binafsi zinazowapa wauguzi wa serikali zamu za ziada, ambazo wenyewe huziita lokamu. Bangale haina soko hilo. Muuguzi wa mji mkubwa aliyelipwa posho ndogo anaweza kumpita wa Bangale kwa njia hiyo, ingawa hulipia kwa usingizi wake.

Hesabu yenyewe huanza na makato, kwa sababu kiasi kinachotajwa kwenye barua ya kazi si kinachofika benki. Kwa mfano tu, chukua malipo ya jumla ya shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa viwango vya 2025. Bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75, yaani 1,650. Tozo ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani 900. NSSF kwa asilimia 6 ni 3,600. Hayo matatu yakishatolewa, kodi ya mapato hutozwa kwa ngazi: asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, asilimia 30 kwa zilizobaki, kisha nafuu ya 2,400. Kodi huwa kama 8,538. Kinachofika ni kama 45,312. Karibu robo ya mshahara imekwenda kabla muuguzi hajanunua chumvi.

Posho ya mazingira magumu nayo hukatwa. Kwa kuwa hukaa juu ya mshahara, huangukia ngazi ya asilimia 30, na makato mengine huihusu pia. Katika mfano huo, kila shilingi 1,000 ya posho humfikia muuguzi ikiwa kama 628. Anayelinganisha Bangale na Malindi alinganishe hizo 628, si 1,000. Halafu, kwenye kinachofika benki, atoe nauli za mwaka mzima zilizogawanywa kwa miezi 12, atoe maji, atoe nyumba ya pili kama ipo, na atoe kinachotumwa kwa wazazi na ndugu, ambacho ukoo haukioni kama msaada bali kama haki. Kinachobaki ndicho mshahara wa Bangale.

Kisha huja tarehe ya malipo. Fedha za kaunti hutegemea mgao wa Hazina ya Kitaifa, na mgao ukichelewa mishahara huchelewa pia. Mjini, ucheleweshaji huo hubebwa na mkopo wa simu. Bangale hubebwa na daftari la dukani, na mwenye duka hujua bei anayoweza kumwekea anayekopa. Akiba ya mwezi mmoja, iliyowekwa mapema katika Sacco au benki, huondoa utegemezi huo. Kuhusu mikopo ya kukatwa mshaharani, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yote yasizidi thuluthi mbili. Huo ni mpaka wa sheria, na mtu wa nyumba mbili huumia muda mrefu kabla ya kuufikia.

Aina ya ajira hubadilisha kila kilichotangulia. Wahudumu walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walilipwa pungufu ya wenzao wa kudumu kwa kazi ileile, na waliandamana miaka ya 2024 na 2025 wakidai masharti sawa. Barua ya kazi isomwe hapo kwanza: ni ya kudumu au ya mkataba, daraja gani, na posho zipi zimeandikwa kwa majina. Posho iliyoahidiwa kwa mdomo haidaiki.

Tangu 2013, afya ilipogatuliwa, muuguzi ni mfanyakazi wa kaunti iliyomwajiri. Kuhamishwa kutoka Bangale kwenda Hola au Garsen ni uamuzi wa kaunti moja. Kwenda Malindi ni kuingia Kilifi, na kaunti zote mbili lazima zikubali. Anayeichukua Bangale kwa nia ya kuhamia Malindi mwaka unaofuata huwa amepanga safari isiyo mikononi mwake. Na siku atakayopata uhamisho kwenda mahali pasipo katika orodha ya mazingira magumu, posho hiyo hukoma mwezi huohuo, lakini mkopo uliopimwa kwa mshahara wenye posho huendelea kukatwa kama ulivyoandikwa.

Mjomba wako,
Garsen