Safari ya Goma, Chini ya Mlima wa Moto

Wengi wetu hapa Ngara twakumbuka mwisho wa Aprili 1994, watu wapata 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja tu. Mimi nalikuwa mtoto, nikasimama kando ya njia hata jua likachwa, na safu yao haikwisha. Basi mwaka 2022, nilipokwenda Goma kumtazama dada yangu aliyeolewa huko, habari za watu kukimbia hazikuwa ngeni masikioni mwangu. Ila wale wa kwetu walimkimbia mwanadamu. Hawa walikimbia mlima.

Twalivuka Rusumo asubuhi, tukapita Kigali, na jioni tukashuka Gisenyi penye ziwa Kivu. Ng'ambo ya mpaka ndipo Goma, na juu yake mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470. Mji ule ni mweusi. Njia ni nyeusi, kuta ni nyeusi. Hata ua wa shemeji yangu umejengwa kwa mawe ya moto ule ule ulioteketeza nyumba ya baba yake.

Ulikuwa moto wa tarehe 17 Januari 2002. Mlima ulipasuka ubavuni, mawe yaliyoyeyuka yakapita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wapata 120,000 wakakosa makao. Mawe ya mlima huu yakiyeyuka huwa mepesi kama uji wa mgonjwa, nayo hukimbia sana. Mwaka 1977 ziwa la moto lililokuwa kileleni lilikauka kwa muda usiotimia saa moja, likawafikia watu miteremkoni kabla hawajajua la kufanya. Mwaka 2002 bwana Dieudonné Wafula, Mkongo mwenye elimu ya milima hiyo, alikuwa ameona dalili na kutoa habari mapema. Hakusikiwa.

Hata Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima ukawaka tena, na safari hii hapakutolewa onyo lo lote. Msaada wa Benki ya Dunia kwa nyumba ya wapimaji ulikuwa umekoma mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa vyombo vyao havikuweza kupeleka habari kwa kukosa fedha za intaneti. Mlinzi amenyimwa taa, kisha aulizwa kwa nini hakumwona mwizi! Watu zaidi ya 30 walikufa. Moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege.

Lakini nchi haikutulia. Ilitetemeka siku nyingi, barabara zikapasuka, na wapimaji wakatambua ya kuwa mawe ya moto yanapita chini ya mji na chini ya ziwa lenyewe. Nalo Kivu limeficha vilindini hewa nyingi mno yenye kuua. Watu wa Goma waijua kwa kiasi kidogo: hujikusanya mabondeni, nao huiita mazuku, na watoto hukatazwa kucheza huko. Kule Kameruni, mwaka 1986, ziwa Nyos lilitoa hewa ya namna hiyo usiku mmoja, wakafa watu zaidi ya 1,700.

Basi tarehe 27 Mei alfajiri, Jenerali Constant Ndima, gavana wa kijeshi, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Dada yangu alikwenda Sake kwa miguu, mtoto mgongoni, wakalala nje, na maji ya kunywa yalikuwa ya shida. Mlima haukuwaka tena. Mwezi wa Juni wakarudi.

“Kaka, walitutoa bure,” akaniambia, na hasira ilikuwa bado mpya.

Nalimjibu kwamba afadhali kutolewa bure kuliko kuachwa bure. Akaniuliza kama nimewahi kulala Sake mvuani. Nikanyamaza.

Usiku nalimwuliza shemeji, wakiamriwa tena watafanyaje. Dada ndiye aliyejibu, bila neno: akasogeza mlango, akanionyesha furushi lililofungwa tayari, lenye hati za nyumba, sufuria moja, unga, na kibuyu cha maji.