Swali la Mama Kabla ya Upasuaji



Leo hatuzungumzii shela wala gauni la harusi. Tunazungumzia macho ya mama zetu.

Sisi ni ndugu wawili, tuna cherehani zetu hapa Kendwa. Kazi ya mkono tumeirithi kwa Mama, aliyetulea kwa kushona kofia za viua. Mwaka juzi kofia zake zikaanza kurudishwa, vijitundu vimepishana. Mama akasingizia uzi. Siku moja tukamkuta anapapasa mkeka akitafuta sindano, nayo iko mbele ya goti lake.

Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni upasuaji. Akapewa karatasi atie dole gumba. Foleni ilikuwa ndefu, maelezo yakawa mafupi. Mama akasema, "Nitarudi." Tukapanda daladala la 116, na njia nzima hakusema neno.

Hakurudi. Miezi mitano ikapita, na harusi ya mdogo wetu wa mwisho imepangwa Mfunguo Mosi. Kila tukimwambia, "Mama, ni jambo dogo tu," anageuza mazungumzo. Huku kwenye kundi letu la familia la WhatsApp mtu akatuma video ya dawa ya matone, eti inayeyusha mtoto wa jicho. Mama akataka tumnunulie.

Kosa letu, dada zetu, ni kwamba tulimliwaza kabla ya kumuuliza. Usiku mmoja ndipo tukamuuliza, "Mama, unachoogopa hasa ni kipi?" Akatujibu, "Wanangu, nimesikia jicho hutolewa, likaoshwa, likarudishwa. Tena nikishapasuliwa nitasujudu vipi? Na udhu je?"

Kumbe hofu yake haikuwa kisu peke yake. Ilikuwa sala.

Tukamrikodi Mama kwa sauti yake mwenyewe, tukampelekea muuguzi wa macho ambaye hushona kwetu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Jicho halitolewi. Hutiwa ganzi, daktari hupasua kidogo, akaondoa ile lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia mahali pake. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, na kazi haifiki saa nzima. Jicho hufunikwa, kwa kawaida hadi kesho yake, kisha hutiwa dawa ya matone kwa wiki kadhaa. Lisisuguliwe, lisiingie maji wala sabuni, na siku za mwanzo asiiname sana wala asibebe mzigo mzito. Na hakuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho.

La sala tukampelekea ustadh wetu. Akamueleza kwamba mgonjwa husali kwa kadiri awezavyo, hata kwa kukaa na kuashiria sijda, na kwamba kidonda kilichofungwa kina hukumu yake ya kupangusa juu ya bandeji.

Mama alisikiliza jumbe zile mara nyingi hatukuhesabu. Jioni yake akawa anawasikilizisha majirani. Wiki ya pili akasema mwenyewe, "Nipelekeni." Dole gumba alilotia siku ile lilikuwa lake kweli.

Baadaye tulisoma kwamba wenzetu wa Kenya wamelipima jambo linalokaribiana na hili. Kaunti ya Trans Nzoia, katika skuli 50, watoto walipimwa macho. Nusu ya skuli walimu walitumia simu, na wazazi wa watoto wenye tatizo wakawa wanakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Nusu nyingine waliendelea na utaratibu wa zamani wa barua. Matokeo yalitolewa 2018. Waliokumbushwa kwa simu, watoto 54 katika kila 100 walifikishwa hospitali. Wa barua, 22 tu. Huko haukuwa upasuaji, lakini tulimuona Mama humo: karatasi hubaki mfukoni, na simu inarudia kukwambia.

Basi dada, kama nyumbani kwako yuko mama, bibi au mkwe anayesubiri upasuaji:

Muulize anaogopa nini, umuache amalize.

Rikodi swali lake, umpelekee mtaalamu wa macho. Video za kutumiwatumiwa usiziamini.

La dini muulize mwenye elimu, baada ya daktari kusema nini kinaruhusiwa.

Hifadhi majibu kwenye simu anayoweza kuifungua mwenyewe.

Na baada ya upasuaji, maumivu yakizidi, jicho likizidi wekundu au kuona kukipungua, msingoje ujumbe wowote. Rudini hospitali siku hiyohiyo.

Jicho la kwanza la Mama limepona, alhamdulillah, na la pili lina tarehe yake. Siku ya harusi alimshika mdogo wetu kidevu, akaiangalia piko mkononi mwake mpaka kwenye vidole. Siku hizi anakaa karibu na cherehani zetu anatukosoa pindo, na tunafumua.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote. Wassalaam alaykum.