Sehemu ya Pili

Kitabu kiliingia Tunduma chini ya kiti cha lori. Kaka yangu alikuwa akifanya vibarua kwenye foleni ya malori upande wa Mpemba: kuosha vioo, kukaza turubai, kulinda mzigo dereva anapokwenda kuoga. Siku hiyo dereva mmoja aliyetoka Sauzi alimwambia asafishe kichwa chote cha gari, na akikuta takataka atupe. Takataka zilikuwa chupa za maji, soksi moja, na kitabu cha Kiingereza kilichopoteza jalada la mbele. Chupa alitupa. Soksi aliifua akaifanya kitambaa cha vioo. Kitabu aliniletea mimi.

"Shika, msomi. Kinene hiki, utakimaliza ukiwa bibi."

Ilikuwa Juni 2017 na nilikuwa kidato cha tatu. Nilikaa na kamusi nikaanza, na kurasa za mwanzo zilinifanya nijisikie kama mtu aliyepandia basi Vwawa akakuta abiria waliotoka nalo Tunduma wameshazoeana, wanacheka jambo ambalo yeye halikumkuta. Watu wawili wanakimbia kwenye mahandaki chini ya mji. Wanamkimbia nani? Wamefanya nini? Ikabidi nigeuze kurasa za ndani, zile zenye maandishi madogo ambazo huwa hatuzisomi, ndipo nikaelewa. Kilikuwa *A Torch Against the Night* cha Sabaa Tahir, kilichotoka 2016, mwaka uleule mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya. Na kilikuwa sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza, *An Ember in the Ashes*, ilitoka 2015, na Tunduma nisingeipata kamwe. Duka la vitabu kwetu ni duka la madaftari, kalamu na mitihani iliyopita.

Basi nikaanzia katikati. Kuna Dola. Watawala wake ni watu wa vita, ambao miaka mia tano nyuma waliwashinda watu wa vitabu na kuwageuza watumwa. Tangu hapo mtu wa vitabu akikutwa anasoma, amekosa. Kuna jangwa, na makabila yanayolivuka kwa misafara, na majini na maafriti wanaovizia kwenye mchanga na upepo. Binti anayeitwa Laia ana kaka yake, Darin, ambaye yuko katika gereza la Kauf, kaskazini kabisa, kwenye baridi. Anakwenda kumtoa. Anayemsindikiza ni Elias, askari aliyeitoroka Dola. Kitabu kizima ni ile njia.

Mambo ya njia hayakunipa shida. Tunduma ni njia. Barabara ya kutoka Dar kwenda Lusaka inapita kwetu, reli ya TAZARA yenye kilometa 1,860 inapita kwetu, hata mafuta ya Zambia yanapita kwenye bomba la TAZAMA hadi Ndola. Vyote hivyo vinakwenda kwa watu wengine, sisi tunawauzia chai wanaovisindikiza. Mama alikuwa anafua mashuka kwenye gesti ya madereva yenye vyumba kumi na vinne. Miaka baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma kwamba Sabaa Tahir alikulia katika jangwa la Mojave, California, kwenye gesti ya wazazi wake ya kando ya barabara, vyumba kumi na nane. Nilicheka peke yangu maktaba hadi jirani akanigeukia. Kumbe wote tulikuwa watoto wa mashuka ya wapita njia.

Na majini hatukuwa wageni nayo. Kwetu huaminika kwamba majini ni mali ya pwani na hupanda juu kwa malori. Madereva waliolala pale gesti kila mmoja alikuwa na mwanamke wake aliyempa lifti usiku kwenye mlima Kitonga, na alipogeuka kumwambia tumefika akakuta kiti kitupu. Nilipofika kwenye afriti wa mchanga sikuona ajabu yoyote. Kamusi niliihitaji kwa maneno kama "pingu" na "sumu", si kwa wao.

Kila jioni nilimsimulia kaka nilipofikia. Yeye shule aliiacha kidato cha pili ili mimi niendelee, jambo ambalo nyumbani lilizungumzwa mara moja tu halafu likawekwa kabatini. Alikuwa msikilizaji mgumu. Laia na Elias wanavuka jangwa, mimi nimeshapandisha sauti, yeye anauliza, "Maji wanapata wapi?" Wanapita kwenye mji wenye askari: "Mlinzi wamempa shilingi ngapi?" Elias anaumwa, amelishwa sumu inayoua polepole: "Sasa akifa katikati, binti anajua njia?" Nilikuwa namjibu kwamba kitabu hakisemi. Nilidhani anaharibu hadithi. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa anapanga safari.

Sehemu aliyoipenda ni ya Nur, mji wa jangwani, ambako msimuliaji mmoja mwanamke, mama aliyemlea Elias, anasimama mbele ya umati na kutoa hadithi. Hadithi yenyewe inawachoma watu hadi wanainuka dhidi ya askari, na katika vurugu hizo wakimbizi wanapata upenyo. Kaka aliniomba niirudie. Nilipomaliza mara ya pili alisema, "Huyo mama hakubeba hata panga."

Siku mbili baadaye, tena jioni, akaniambia kuna gari linakwenda. Siyo la kumfikisha, la kumvusha Zambia yote, na mbele kuna watu. Alisema Sauzi mtu akiosha magari mwezi mmoja analipa ada ya mwaka. Sijui kama ni kweli, sikuuliza. "Unaonaje?" akasema.

Mimi nilikuwa nasoma. Taa ya sola ilikuwa inakaribia kuzima na nilitaka kumaliza sura.

"Nenda tu," nikasema, bila kuinua macho.

Aliondoka usiku huo. Aliniamsha saa tisa nimfungulie mlango, kwa sababu komeo letu lilikuwa na kelele na ni mimi tu niliyejua kulinyanyua. Akaniagiza nimwambie mama amekwenda Mbeya, kuna fundi amempa kazi. Nikamwambia hivyo. Wiki mbili mama aliwatangazia majirani kwamba mwanawe anajifunza ufundi Mbeya.

Kuvuka mpaka wetu kwa miguu si kazi. Tangu Oktoba 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha, kikubwa, lakini Tunduma na Nakonde zimeshikana kiasi kwamba mtu anavuka kwenda kununua sukari na kurudi maji hayajachemka. Kazi iko mbele ya hapo. Alipiga simu kwa namba ya Zambia, akasema yuko Lusaka na kuna joto. Akapiga tena akiwa Chirundu, karibu na daraja la Zambezi. Baada ya wiki ukaja ujumbe kwa namba inayoanza na 27, maneno matatu: *Nimefika. Mwambie mama.* Hapo ndipo nililazimika kumwambia mama kuhusu Sauzi. Kuhusu "nenda tu" sikumwambia. Nilisema kaka aliniaga usiku na kunikataza kusema, na huo ulikuwa nusu ya ukweli.

Ile namba haikupatikana tena.

Habari zikawa za madereva. Mmoja alisema alimwona Musina, mji wa kwanza ukishavuka mto Limpopo. Mwingine alisema huyo wa Musina ni kijana wa Kyela. Wa tatu alisema watu wasio na vibali wakikamatwa hupelekwa Lindela, kituo kilichoko Krugersdorp, magharibi mwa Johannesburg, wakisubiri kurudishwa kwao, kwa hiyo tusubiri. Nilikuja kujua kwamba kwa Kizulu jina hilo lenyewe lina maana ya kusubiri. Katika kitabu cha Tahir kuna msitu unaoitwa Mahali pa Kungojea, ambako roho za waliokufa hukwama hadi mlinzi wake azisaidie kuvuka. Niliacha kukisoma kwa karibu mwaka mmoja kwa sababu ya hilo jina. Laia ana bahati, nilikuwa nawaza kwa hasira. Gereza lake lina jina na liko kwenye ramani, na anajua kwamba kaka yake yumo.

Desemba 2022, nikiwa mwaka wa pili chuoni, mama alinipigia asubuhi sana. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Zambia, eneo la Ngwerere nje ya Lusaka, imekutwa miili 27 imetupwa kando ya barabara, na mmoja bado anapumua. Polisi walikuwa wanaamini ni Waethiopia waliokuwa wakisafirishwa kwenda kusini. Njia ni ileile.

"Wamesema Wahabeshi," mama alisema.

"Ndiyo mama, nimesoma."

"Wote?"

Nikasema wote. Akashusha pumzi, halafu nikamsikia anajilaumu kwa ile pumzi, maana na wao wana mama zao. Tulikaa kwenye simu bila kusema hadi salio likaisha.

Nilipoanza shahada ya umahiri nilipendekeza kuandika tasnifu kuhusu safari za kiajabu katika hadithi za vijana, na kitabu changu kisicho na jalada kikiwemo. Mwalimu wangu msimamizi alisema, kwa upole, kwamba nasomea fasihi ya Kiswahili na sio ya California. Alinirudisha kwa *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, cha 1952. Nilikubali kwa shingo upande, nikakuta yote yamo: majini, mji wa watu waliogeuka mawe, safari, na ndugu. Adili anatupwa baharini na ndugu zake mwenyewe, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani, na yeye anawaombea. Mhakiki angeishia kwenye majina yale ambayo yanahukumu watu kabla hawajafanya lolote. Mimi niliyasoma nikijitafutia langu. Hasidi sikuwa, wala Mwivu. Shaaban Robert hakutunga jina la dada anayesoma wakati kaka yake anaaga.

Sehemu ya kwanza ya Tahir niliipata mwaka jana tu, kwenye simu. Nilikuwa nimeshakimaliza cha pili: Laia anafika Kauf na Darin anatoka, amekonda, ameharibiwa, lakini anatoka. Nilidhani cha kwanza kitanipa maelezo tu ya Dola na historia yake. Sura ya mwanzo kabisa askari wanavamia nyumba usiku, wanamkamata Darin, anamwita dada yake, na dada yake anakimbia. Anamwacha. Miaka minane nilikuwa namwonea Laia wivu kwa ushujaa wake, kumbe jangwa lote lile alikuwa analivuka kwa sababu ya mlango aliokwisha kutoka.

Inasemekana Tahir alikianza kisa hiki alipokuwa mhariri wa zamu ya usiku kwenye gazeti la *Washington Post*, baada ya kusoma habari za wanawake wa Kashmir ambao waume, baba na kaka zao walichukuliwa na wanajeshi na hawakurudi. Alijiuliza angefanya nini angekuwa yeye. Ni swali zuri kwa mtu ambaye bado hajalijibu.

Likizo hii nilirudi nyumbani na nakala yangu ya zamani. Mama siku hizi hafui, mgongo umekataa. Anachambua maharage ya kuuza na anapenda asikilize kitu. Nikamsimulia kitabu, jioni nne, kama nilivyomsimulia kaka. Naye anauliza maswali yaleyale, maji, chakula, nani anawapa viatu. Jioni ya nne nikamfikisha Kauf.

"Alimkuta?"

"Alimkuta."

"Anaongea?"

"Kidogo sana."

"Ataongea akila," mama alisema, na akatupa punje mbovu pembeni. Kisha, baada ya muda, "Lakini huyo kaka yake ilikuwaje hadi wakamchukua? Hujaniambia mwanzo."

Nikamwambia mwanzo. Nikamwambia askari walikuja usiku, kaka aliita, na Laia akakimbia. Mama alisema alikuwa mtoto, angefanyaje. Nikasema ndiyo. Halafu nikamwambia mwanzo wetu, na nilikuwa nasema nikiyaangalia maharage: jioni ile, kitabu, "unaonaje", "nenda tu", komeo, uongo wa Mbeya.

Mikono yake ilisimama kwenye ungo. Nje lori lilikuwa linashusha gia.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Julai?"

"Julai, mama."

Tunduma mwezi wa saba, saa tisa usiku, anayeijua anaijua.

"Alivaa sweta?"

Nikamwambia kulikuwa giza, hatukuwasha taa. Lakini aliponishika bega mkono wake uligusa shingo yangu, na ulikuwa wa sufu.

"Basi alivaa," mama akasema, na akauvuta ungo karibu.