Maji ya Shela na Mawe ya Amu

Mwenye kwenda Amu hana budi avuke maji. Ama ateremke kwa ndege katika kisiwa cha Manda, ama aache gari gatini Mokowe na kuingia mashuani. Vyovyote iwavyo, hatua ya mwisho ya safari ni ya bahari, na mji humjia mgeni kidogo kidogo: kwanza mstari mweupe wa nyumba, kisha minara, kisha punda waliosimama gatini wakingoja mizigo. Sisi tulivuka kutoka Mokowe wakati wa adhuhuri, maji yakiwa yamejaa. Wenzetu chomboni wakatuonyesha ngome, wakatuonyesha upande uliko Msikiti wa Riyadha. Lakini mzee mmoja aliyekaa shetri, kanzu yake ikiwa imeroa manyunyu, hakutuonyesha mji hata kidogo. Alinyosha mkono kusini, kule mkono wa bahari unakofungukia baharini, akatuambia kwamba huko, katika vilima vya mchanga vya Shela, ndiko iliko Amu. Tulidhani anatufanyia mzaha wa Kiamu, kwani Waamu kwa mzaha hawana wa kushindana nao. Ilitupasa tukae siku tatu ndipo tufahamu kwamba mzee hakuwa na mzaha.

Tuanze na mji, kwa kuwa ndio uliotupeleka. Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa na Serikali ya Kenya kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1986, na mwaka 2001 shirika la UNESCO likautia katika orodha ya urithi wa dunia. Ni mahali padogo, kiasi cha hekta 16 tu; mtu mwenye haraka aweza kuuvuka kwa robo saa, lakini mtu mwenye haraka katika vichochoro vile huishia kumpisha punda. Karibu na ngome upo Msikiti wa Pwani, ambao maandishi yake yana tarehe iliyo sawa na mwaka 1370. Ngome yenyewe ilianzwa mwaka 1813 ikamalizwa 1821, ikatumika kama gereza hata mwaka 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Sasa pale walipokuwa wakifungwa watu husomwa vitabu. Ni mara chache jengo kupata bahati kama hiyo.

Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zimejengwa kwa vitu vilivyotoka karibu. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, chokaa ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni, na dari limebebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo mpimaji wa chumba: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa mti unaoweza kubeba dari, na kwa hiyo vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba. Mlangoni pana daka lenye viti vya mawe, ambapo mgeni mwanamume hukaa akazungumza bila ya kuingia katika sitara ya nyumba. Ndani kiko kiwanda kilicho wazi juu, kisha msana, kisha vyumba vya ndani vyenye zidaka ukutani, safu juu ya safu. Msomaji na atazame jinsi sheria ya sitara ilivyojengwa kwa mawe: mlango wa nje haukabiliani na kiwanda, hata mpita njia akichungulia haoni kitu. Na katika birika la maji walikuwa wakiweka visamaki wadogo ili wale mabuu ya mbu.

Birika hilo ndilo lililotufanya tuulize: maji haya yatoka wapi? Amu haina mto. Haina mlima. Kisiwa kimezungukwa na chumvi pande zote.

Yatoka Shela. Asubuhi ya pili tukaenda kwa miguu kufuata ufuo, mwendo wa kiasi cha dakika arobaini, tukapanda vilima vile, ambavyo vyafuata pwani ya kusini ya kisiwa kwa muda wa maili kadhaa. Kwa macho ni mchanga mtupu na majani machache yatambaayo. Lakini mvua inyeshapo juu yake haikimbilii baharini, wala haikai juu ikakauka kwa jua. Huzama mara moja, ikachujwa na mchanga, ikakusanyika chini. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, hukaa juu yake kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Nyuma ya vilima vimechimbwa visima, na kutoka visima hivyo ndiyo hupigwa pampu maji ya mji.

Wataalamu wa maji wana hesabu moja ambayo kila mwenyeji wa kisiwa yampasa kuijua. Kwa kila futi moja ambayo maji matamu yameinuka juu ya usawa wa bahari, chini yake pana takribani futi 40 za maji matamu zilizoisukuma chumvi. Basi ukivuta sana hata maji ya juu yakashuka futi moja, chumvi hupanda kutoka chini kwa futi 40. Kisima huwa kitamu leo, na baada ya miaka huwa hakinyweki. Ongeza na mashimo ya vyoo: mchanga unaopitisha maji ya mvua kwa wepesi hupitisha na uchafu. Nyumba ikijengwa juu ya kilima cha mchanga huvunja mlango wa mvua na kumwaga taka zake katika mtungi mmoja ambao watu wote wanywa humo.

Hili si jambo la kuogofya watoto. Ng'ambo ya mkono wa bahari, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya Takwa. Ulikuwa mji wenye msikiti wake na ukuta wake, ukahamwa katika karne ya 17. Waandishi wa tarikh wametaja sababu zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba maji ya visima yaliingia chumvi. Mapokeo ya Shela yasema kuwa wenyeji wa Takwa walivuka wakaja kukaa Shela. Liko kule kaburi lenye nguzo, lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, na watu wa Shela wamekuwa na ada ya kwenda huko kuomba mvua. Kuhusu kuomba penye makaburi, wanavyuoni wamekwisha kusema yao na sisi hatuingii humo. Twataka msomaji aangalie jambo moja tu: kati ya yote ambayo mtu aweza kumwomba Mola wake, watu hawa huvuka bahari kwenda kuomba maji.

Vilima vya Shela vilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 2002. Hata hivyo vipande vimekuwa vikidaiwa, hati zikionyeshwa, na wazee wakipiga kelele. Hapa ndipo tulipokutana na habari za jumuiya iitwayo Save Lamu, yaani Okoa Lamu.

Jumuiya hii ni muungano wa vikundi vingi vya wenyeji, wavuvi, kina mama, vijana na wazee, waliokusanyika pindi habari za bandari kubwa ya Lamu zilipoanza kuvuma. Bandari ilizinduliwa tarehe 2 Machi 2012. Na gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Watu wa jumuiya hawakusema kwamba bandari ni haramu. Walisema kwamba bahari inayochimbwa ni shamba la mtu, na mwenye shamba huulizwa. Wenyeji wakaenda mahakamani mwaka 2012, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ikaamua kwamba haki zao za mazingira, za utamaduni na za kupashwa habari zilikuwa zimevunjwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ukafuata mpango wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, huko Kwasasi upande wa bara. Moshi na majivu yake yangalirushwa juu ya mikoko, na mikoko ndiyo dari za Mkomani. Jumuiya ikapinga kibali, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya taifa ya mazingira ikakifuta, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wako wanaosema kuwa mambo haya ni siasa, na kwamba mwenye kuhifadhi majumba na ashughulike na milango ya nakshi. Sisi twaona kinyume. Mlango wa nakshi hauwezi kuokolewa peke yake. Ukikata mikoko, hupati boriti. Ukiua bahari, mvuvi atauza nyumba ya mawe. Ukiharibu mchanga wa Shela, hapana atakayekaa katika nyumba hiyo hata ikiwa imetiwa chokaa mpya. Takwa bado ina mihrabu nzuri. Haina watu.

Lakini tusiwapake wenyeji mafuta. Jioni moja katika baraza ya Langoni tulimsikia kijana akisema waziwazi kwamba kiwanja kimoja penye mchanga chaweza kumpa mtu fedha ambazo baba yake hakuzipata kwa miaka kumi ya nyavu, na kwamba maneno ya urithi ni matamu kwa mwenye kazi. Wazee walinyamaza. Nasi tulinyamaza, kwani hatukuwa na jibu jepesi, na mpaka sasa hatunalo. Bandari iliahidi kazi. Vijana wa kisiwani waulize zi wapi, wana haki. Jumuiya isiyomsikiliza kijana huyu itashinda kesi zote na kushindwa na soko la viwanja.

Na iko shida nyingine ambayo haina adui wa nje. Nyumba ya mawe hurithiwa. Sheria ya Mwenyezi Mungu humpa kila mrithi fungu lake, na hiyo ni rehema. Lakini baada ya vizazi viwili nyumba moja ina warithi kumi na wawili, mmoja yuko Mombasa, wawili wako Ghuba, mwingine hajulikani aliko. Dari likivuja kila mmoja hungoja mwenziwe. Maji yakishaingia boriti huoza, na ukuta wa matumbawe ukikosa kofia hujifungua kama mkate uliorowa. Mwisho huja mnunuzi kutoka ng'ambo, akaitengeneza vizuri kuliko tulivyoweza sisi, akakaa miezi miwili, akafunga kufuli. Twamshukuru kwa chokaa. Lakini mtaa wenye kufuli nyingi husikika tofauti wakati wa alfajiri. Wazee wetu walikuwa na njia ya wakfu, ambayo huzuia asili ya mali na kuacha manufaa yake yatembee. Na twawauliza wakuu wa familia wasomao kurasa hizi, ni wangapi kati yetu waliokwisha kukaa na kadhi wakajadili nyumba ya babu kabla dari halijaanguka?

Ama vilima vya Shela, hivyo vina mfano wake katika tarikh yetu. Watoto wa vyuoni wajua habari ya kisima cha Ruma mjini Madina, kilichokuwa mkononi mwa mtu aliyeuza maji yake, mpaka Sayyidna Uthman (r.a.) akakinunua na kukitoa kwa Waislamu. Pengine hawajaijua habari ya hima. Mtume (s.a.w.) alitenga ardhi isiguswe kwa maslahi ya umma, na Sayyidna Umar (r.a.) naye akatenga malisho. Akamwekea msimamizi, huru wake aitwaye Hunayy, akamwusia aogope dua ya mwenye kudhulumiwa, awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri, akiwataja kwa majina Abdurrahman bin Auf na huyo huyo Uthman. Kwani hao, alisema, wanyama wao wakifa wana mashamba ya kurejea. Maskini akifiwa na wanyama wake atakuja mlangoni kwa khalifa na watoto wake. Aliyetoa kisima alikatazwa malisho, wala hakuna aliyeona ajabu. Tungependa somo hili lisomwe katika darasa za Riyadha na Shela kabla ya mpima ardhi kufika na kamba yake.

Ijumaa tuliswali Shela, katika msikiti uliojengwa mwaka 1829, wenye mnara wa mviringo uliochongoka juu. Tulitia udhu kwa maji ya mahali pale. Tulipoyasukutua hayakuwa na chumvi hata chembe. Baada ya swala tukapanda tena mchangani. Pembeni mwa kilima palikuwa na jiwe la saruji la mpaka, jipya, lenye namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, na watoto watatu wakilitumia kama goli la mpira. Tukawauliza ni la nani. Mkubwa wao akatutazama kama watazamwavyo wageni, akasema hajui, lilikuwako walipokuja jana.