Kina cha Kati

Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Viwili, cha shahada na cha kati, viliondoka na msumeno wa umeme katika karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, mwaka 2016, asubuhi niliyokuwa nikichana ubao wa mninga kwa ajili ya mlango wa mteja. Nimeisimulia asubuhi ile mara nyingi mno, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiisimulia hivi: kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi aliniita, "Fundi, kuna mgeni," nami nikageuka. Basi. Watu walitikisa vichwa, wakanipa pole, na wengine wakaongeza kwamba vijana wa siku hizi hawana utulivu. Niliwaacha waseme. Yule kijana nilikuwa nimekwisha kumfukuza, kwa maneno ambayo sitayaandika.

Kidonda kilifunga mapema kuliko nilivyotarajia. Kilichobaki ni mwasho wa vidole visivyokuwepo, mwasho wa usiku wa manane, mtu ukapeleka mkono kukuna ukakuta shuka. Mchana ulikuwa na taabu yake. Patasi hushikwa kwa mkono wa kushoto, nyundo kwa wa kulia, na bila vidole vile viwili patasi ilikuwa ikicheza, ikitoboa mahali ambapo sikukusudia. Nilijaribu wiki moja, ya pili nikafunga karakana. Nikawa mtu wa barazani, mkono mfukoni hata wakati wa joto.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alizoea kupita kwangu baada ya sala ya Alasiri. Siku moja alikuja na kitabu kilichochakaa jalada, kile cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni seremala. Hii nayo ni kazi ya vipimo." Shuleni mashairi niliyakariri ili nifaulu, na jina la Shaaban Robert, mtu wa kwetu, kwangu lilikuwa jibu la swali la mtihani tu. Sasa nikawa nafundishwa upya, polepole, kama nilivyofundishwa zamani kushika randa: ubeti una mishororo minne, mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani nane, vina vya kati vifanane na vya mwisho vifanane. Anayeanza huhesabu mizani kwa vidole. Nikahesabu. Kipande kilipotimia, vidole vyangu navyo vilikuwa vimekwisha.

Jambo hilo lilinishtua, na mpaka leo sijui nilipokeeje. Rafiki mmoja alisema ni ishara. Mimi nasita. Nisingependa kuambiwa kuwa nilipunguziwa vidole ili nipate mizani. Ningevitaka vyote kumi, nikahesabu na kuacha viwili. Ila siwezi kukana kwamba alasiri ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, niliutoa mkono mfukoni mbele ya mtu bila kujijua.

Mwalimu alinisimulia pia habari za Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, akatunga kifungoni mashairi yaliyokuja kuwa diwani ya Sauti ya Dhiki. Nilizipenda sana habari zile, na naona haya kusema kwa nini. Nilijifananisha naye. Nilijiona na mimi ni mtu aliyedhulumiwa, mwenye haki ya kutoa sauti yake, na nikaketi kutunga shairi la kumshtaki yule kijana.

Niliandika kwa penseli ya useremala, nyuma ya karatasi ya msasa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mishororo miwili ya mwanzo ilikuja kwa wepesi ulionidanganya kwamba kazi yote itakuwa hivyo:

Kazi yangu ni kuchonga, tangu niko ujanani,
Na milango ya mninga, ipo kila mtaani.

Wa tatu nao ukaja. Kipande chake cha kwanza kilikuwa "Kijana kanipa janga," na nilipohesabu, mizani ilitimia, kina kikakaa. Nataka niseme hili bila kuzunguka, kwa sababu nimewasikia watu wakidai kuwa ushairi haukubali uongo. Wangu uliukubali. Uongo wangu ulikuwa na mizani nane kamili.

Nilikwama mshororo wa nne. Mwalimu alikuwa amenifundisha kwamba ukikwama, orodhesha maneno yote yenye kina unachokitafuta, hata yasiyohusika. Nikaorodhesha: kupanga, kufunga, mwanga, kutunga, ujinga, kinga.

Hapo penseli ikasimama.

Msumeno wangu ulikuja na kinga, kile kibati kinachofunika meno. Wiki kadhaa kabla ya ajali nilikifungua kwa sababu kilinizibia mstari wa penseli na kunichelewesha, na oda zilikuwa nyingi. Yule kijana aliniuliza mara moja, kwa adabu, "Fundi, kinga tusiirudishe?" Nikamjibu kuwa yeye amekuja kujifunza, hakuja kunifundisha. Sikuwa nimeyasahau maneno hayo. Nilikuwa nimeyaweka mahali ambapo sipiti, na kina cha -nga kikanipitisha hapo nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Nikafuta mshororo wa tatu, nikaandika:

Ndimi nilotoa kinga, nikaitupa pembeni.

Sikupata ahueni. Nilikaa na karatasi ile siku nyingi, na usiku mwasho ulizidi. Nilimwonyesha Mwalimu. Akaisoma kwa kuighani kidogo, kwa sauti ya chini, kisha akanieleza habari za Mwana Kupona, yule mama wa Lamu aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 hali mgonjwa, ili amwachie binti yake. Halafu akaniuliza, "Na hili lako, mwanangu, ni la nani?"

Ilinichukua karibu mwaka kulijibu swali hilo kwa miguu yangu. Nilijua alipo yule kijana, alikuwa amefungua kibanda chake cha useremala Muheza, na basi la kwenda huko halichukui muda. Kila wiki nilipata udhuru. Nilipofika hatimaye, aliniamkia kama zamani, "Shikamoo, Fundi," nami nikaitikia marahaba kwa sauti iliyokwama kooni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yalipokataa kutoka nilimpa karatasi ya msasa. Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea, na kwenye ule mshororo wa tatu alirudia mara mbili.

"Una mishororo mitatu tu," akasema.

"Wa nne sijaupata."

Alikunja karatasi, akaiweka katika mfuko wa shati. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikuthubutu kumuuliza, na hadi leo hatujalizungumza. Aliigeukia kazi yake. Palikuwa na ubao mrefu wa mkangazi mezani, mrefu kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuupeleka sawasawa. Akakishusha kibati cha kinga, akakikaza, akakitikisa kuona kama kimeshika. Kisha akanionyesha kwa kidole ncha ya ubao.

"Naomba unishikie huku, Fundi."

Sikuwa nimesogelea msumeno unaozunguka tangu siku ile. Nikautoa mkono mfukoni.